Samaki wa Mwalimu

Wadau, kuna samaki anaitwa Nyerere. Sitanii. Kisayansi ni Haplochromis nyererei (wengine wanamwandika Pundamilia nyererei). Watafiti wa Kiholanzi, Witte-Maas na Witte, walimpa jina hilo mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu, mwaka uleule alioachia urais. Walimpata hapahapa, Ghuba ya Mwanza.

Ni furu. Ndiyo, haohao furu ambao wavuvi wetu huwatungika kwenye ndoano kuwa chambo cha sangara. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye mistari myeusi, na halizidi kiganja. Wapenzi wa samaki wa mapambo Ujerumani na Marekani wanamfuga sebuleni kwenye matangi ya vioo, tena wanamtaja kwa kisiwa chake cha asili: Makobe, Python, Ruti. Mtu ambaye hajui hata Kirumba iko wapi anaweza kukueleza furu wa Makobe anatofautianaje na wa Ruti. Sisi je? Tangi nililoliona kwenye mapokezi ya hoteli moja hapa mjini lilikuwa na samaki wa dhahabu, asili yake China. Na ziwa lilikuwa linaonekana dirishani!

Mimi naona tumeikalia biashara, na si biashara tu.

Majirani zetu walishaonyesha njia. Mwaka 1971 Mbelgiji Pierre Brichard alianza kusafirisha samaki hai wa Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura. Jamaa hakuwa mchuuzi tu. Alizama kuwatazama samaki walikoishi, akaandika vitabu (kimoja 1978, kingine 1989), akashirikiana na wanasayansi mpaka samaki mmoja akaitwa kwa jina lake, Neolamprologus brichardi. Burundi ina takribani asilimia 8 tu ya ziwa lile. Sisi tuna zaidi ya 40.

Lakini Brichard alivua samaki wa porini, na kwa furu wetu siwezi kushauri hivyo. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria upande wa Uganda miaka ya 1950 na 1960, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 alishatawala Ghuba ya Mwanza. Watafiti walikadiria kuwa takribani aina 200 za furu zilitoweka au zikawa hatarini. Filamu ya Darwin's Nightmare ilipotoka mwaka 2004, kelele zote zilikuwa za mapanki na silaha. Furu wenyewe, kimya.

Na sangara si mshitakiwa peke yake. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza jambo lililonishangaza kuliko yote: jike la furu huchagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka, mwanga unapungua, rangi hazionekani vizuri, jike anachanganya, na aina mbili zinakuwa moja. Yaani udongo na taka tunazomwagia ziwa vinaweza kumaliza aina ya samaki bila nyavu hata moja.

Kwa hiyo nasema tuwazalishe, tusiwakombe ziwani. Inawezekana, maana jike hubeba mayai na vifaranga mdomoni kama wiki mbili tatu, na tangi linatosha, huhitaji bwawa. Bustani za wanyama za Marekani zilianza mpango wa kuwazalisha furu wa Victoria miaka ya 1990. Kijana aliyesoma uvuvi pale Nyegezi atashindwaje? Sharti asichanganye furu wa visiwa tofauti, na wa tangini asiwamwage ziwani ovyo. Somo la kumwaga samaki tulishalilipia.

Najua kuna atakayesema watu wanataka kitoweo, hawataki mapambo. Sawa, lakini minofu ya sangara nayo tunawauzia Wazungu, na hakuna anayeiita anasa. Tofauti ni kwamba sangara anahitaji kiwanda, huyu anahitaji tangi, umeme usiokatika hovyo (hapo nakubali pana kazi) na leseni ya kusafirisha samaki hai.

Ningependa tuanzie Saanane. Kisiwa kile kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na ni mwendo mfupi tu wa boti kutoka mjini. Watoto wa shule wanavushwa kwenda kutazama wanyama wa nchi kavu katikati ya ziwa. Pawekwe matangi matano pale, kila moja na furu wa kisiwa chake, na bango la Kiswahili linalosema huyu anaitwa nani na kwa nini.