Mtoto asome kwanza kwa Kiswahili

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wazazi wa Katuba, Kenya na Kamalondo: mtoto akirudi kutoka masomoni, mpeni kitabu chake asome mbele yenu. Wengi wataimba ukurasa mzima bila kuutazama. Waonyesheni neno moja la katikati, watanyamaza. Huko si kusoma.

Kosa si la mtoto. Kiswahili chaandikwa kama kinavyosemwa: ma na ji ni maji, basi. Kwa Kifaransa maji ni "eau", herufi tatu zenye sauti moja ya o, na o yenyewe haimo! Asiyejua lugha hiyo atashika wapi?

Mwaka 1962 serikali iliamuru Kifaransa peke yake darasani. Sheria ya 2014 imezipa lugha zetu nafasi katika masomo ya msingi. Vema, lakini vitabu viko wapi? Na tangu 2019, masomo hayo yalipofanywa bure katika shule za serikali, madarasa yamefurika. Mwalimu atamsikiliza nani?

Twadai vitabu vya Kiswahili kwa miaka miwili ya kwanza, na mtoto aandike kila siku maneno yake mwenyewe, si kunakili ubao tu. Kifaransa twakitaka pia, maana karatasi za kazi zaandikwa kwa lugha hiyo. Kije mtoto akiisha kujua kusoma.