Saisi naye asikie

Mhariri,

Kila mkufunzi mgeni anapokuja mtaa wa Karen kwa mafunzo mafupi ya kupanda farasi, wenye farasi tunalipa bila kunung'unika, kisha saisi tunamwacha nje ya uwanja ameshika kamba. Naona hapo ndipo pesa yetu inapopotelea. Mkufunzi atakuwa nawe dakika 45, pengine saa nzima, halafu aende zake. Saisi ndiye atakayemtandika farasi yuleyule kesho alfajiri na kumfanyisha mazoezi wiki nzima wewe ukiwa kazini. Mkufunzi akigundua kwamba tandiko limekaa mbele mno na linabana mabega, anayepaswa kusikia kwanza ni nani?

Na sisi wapandaji tujirekebishe. Kuna wanaombadilishia farasi lijamu usiku wa kuamkia mafunzo, kisha kipindi kizima kinaishia kwenye kutikisa kichwa na kutafuna chuma. Mlete na vifaa alivyozoea. Ukiwa na swali, liwe moja na la wazi: kwa nini hukaza shingo akigeuka kulia? Zamu yako ikiisha, usikimbilie chai. Kaa utazame wenzako, hasa yule mwenye farasi mkaidi (ndiye anayefundisha zaidi, ingawa mwenyewe hafurahii).

Waandaaji nao waweke viti vya masaisi kando ya uwanja, na mkufunzi asiyejua Kiswahili atafutiwe mkalimani.

Mpanda farasi,
Nairobi