CPU haina miguu, tuitafutie kigari kinachofaa sakafu zetu

Leo naomba tuweke kando siasa na bei ya tumbaku, tuzungumzie kitu ambacho mhariri wangu hawezi kukipa hata robo ukurasa: kigari cha CPU. Ni kile kistendi chenye magurudumu manne kinachokaa chini ya meza, juu yake unasimamisha boksi la kompyuta ya mezani. Najua wataalamu watanirukia kwamba CPU ni kile kichipu kidogo kilichomo ndani, siyo boksi lenyewe. Wako sahihi. Lakini kuanzia Nyamilangano hadi Kahama mjini ukisema CPU kila mtu anaelewa unazungumzia boksi, na mimi naandika kwa ajili ya hao.

Kwa nini kigari? Kazi yangu ya kutafuta habari inaniingiza kwenye ofisi nyingi za huku Ushetu: ofisi za kata, shule za sekondari, vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku, stesheneri za senta. Karibu kila mahali nakuta hali ileile. Kompyuta imenunuliwa kwa fedha nyingi, imepokelewa kwa hati, imebandikwa namba ya mali ya ofisi, kisha imewekwa chini sakafuni. Waliojiongeza kidogo wameisimamisha juu ya matofali mawili, au kreti la soda, au rimu za karatasi. Juu ya meza hakuna nafasi, kwa sababu meza imebeba skrini, kibodi, printa na mafaili ya miaka kumi.

Sasa mtu atasema, kama kuna matofali, kigari cha nini? Nitamjibu. Na msimamo wangu nauweka wazi mapema: kigari ni sehemu ya kompyuta kama ulivyo waya wa umeme, na katika kukichagua, jambo la kwanza kuangalia ni SAKAFU. Wengi wetu tunaanza na rangi na bei.

Tuanze na vumbi. Kuanzia Mei hadi Oktoba huku kwetu hakuna mvua ya maana, na barabara nyingi ni za udongo. Lori moja la tumbaku likipita, dakika kumi baadaye vumbi liko ndani ya ofisi, na vumbi zito linatulia chini. CPU nayo inapumua. Feni zake huvuta hewa kupitia matundu ya mbele, mara nyingi sehemu ya chini, na kutoa hewa ya moto kwa nyuma. Ukiiweka sakafuni unaipa hewa chafu kuliko zote zilizomo chumbani. Vumbi linajaza feni na vipoozeo, joto linapanda, mashine inaanza kuwa nzito au kujizima, na ofisi inaambiwa ina virusi! Kumbe ni udongo wetu wenyewe.

Halafu kuna kudeki. Ofisi hudekiwa asubuhi, ndoo ya maji na dekio. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, maji yaliteremkia chini ya meza na CPU ilikuwa imewaka. Haikuwaka tena. Ndani yake kulikuwa na orodha ya wakulima na kilo za mitumba yao ya tumbaku. Karani alirudi kwenye stakabadhi za mizani, moja baada ya nyingine, akaandika upya kwa mkono, huku wakulima wamekaa nje chini ya mwembe wakisubiri hesabu zao. Ndugu msomaji, wale watu walikuwa wanadai ada za shule. Sentimita kumi za kuinua lile boksi zingetosha.

Tukumbuke pia kwamba boksi hili halikuzaliwa sakafuni. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu, iliyofungwa Hazina mwaka 1965, ilikuwa ya aina ile ya mashine kubwa zilizohitaji chumba chao. Kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981 ililala juu ya meza, na skrini ikakaa mgongoni kwake. Mwaka 1987 IBM ikatoa PS/2 Model 60 na Model 80 za kusimama wima sakafuni, na baada ya hapo mtindo wa boksi la wima ukaenea dunia nzima. Lakini sakafu ya ofisi ya New York na sakafu ya ofisi ya Ulowa ni vitu viwili tofauti. Tulipokea boksi, hatukuulizana litakaa wapi.

Haya, sasa tuje kwenye kuchagua.

Kwanza, magurudumu. Vigari vingi vya dukani vina vigurudumu vidogo vya plastiki ngumu. Kwenye vigae vinateleza vizuri. Kwenye sakafu ya saruji yenye nyufa, kigurudumu kidogo kinazama ufa wa kwanza kinaokutana nao, kigari kinakwama ghafla, na boksi lililo juu linaendelea na safari. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 7 hivi, lenye mpira, linapita juu ya ufa bila kelele. Angalau magurudumu mawili yawe na breki. Kigari kisicho na breki kwenye sakafu iliyoinama, na nyingi zimeinama, kitakuwa kinahama chenyewe na kuvuta nyaya.

Pili, upana. CPU ni ndefu na nyembamba, kwa hiyo inapinduka kirahisi. Pima boksi lako kabla ya kwenda dukani. Maboksi mengi ya kawaida yana upana wa kati ya sentimita 17 na 23, lakini yale madogo ya ofisi, ambayo yanakuja kwa wingi kama mitumba kutoka Ulaya, yana sentimita 10 tu au chini ya hapo. Kigari kizuri kina mikono ya pembeni inayosogezwa na kukazwa, na magurudumu yake yamekaa nje ya upana wa boksi. Kama magurudumu yako ndani kabisa, chini ya tumbo la boksi, achana nacho.

Tatu, hewa. Maboksi mengi ya miaka ya karibuni yana pawasaplai chini, na feni yake inavuta hewa kupitia tundu la chini ya boksi. Ukiyaweka juu ya ubao mzima usio na matundu umeliziba pua. Kigari kiwe fremu tu, au kiwe na matundu mapana. Kwa sababu hiyohiyo sizipendi kabisa zile meza za kisasa zenye kabati la CPU na mlango. Zinapendeza kwa wageni, lakini ule ni mkaango.

Nne, malighafi. Mbao za unga wa kugandamiza hazifai kwetu. Zikinusa maji ya kudeki zinavimba, skrubu zinalegea, na mchwa wakizipata ni sherehe. Mninga unastahimili, tena unatoka kwenye misitu ya ukanda huu huu, lakini uwe wa halali wenye kibali. Chuma ndicho bora zaidi, kwa sharti moja: soketi yako iwe na waya wa ardhini unaofanya kazi. Bila waya huo, vichujio vilivyomo ndani ya pawasaplai huacha umeme kidogo ukiranda kwenye bodi ya CPU, ndiyo ule unaokutekenya ukiligusa ukiwa pekupeku. Kigari cha chuma kitausambaza hadi kwenye vidole vyako vya miguu. Dawa siyo kuvaa ndala, dawa ni kumwita fundi umeme.

Sasa swali la wapi pa kukipata. Hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki zangu wanaoagiza kila kitu Kariakoo, au kusubiri mtu anayetoka Mwanza. Ukanda huu wa dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita, umejaa mafundi wa kuchomelea vyuma. Hawa ndio wanaotengeneza na kukarabati makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu kwa wachimbaji wadogo, mitambo inayopiga kelele na kutikisika mchana kutwa. Fundi anayeweza kufanya karasha lisimame atashindwa fremu ya kubeba boksi la kilo kumi? Mpelekee vipimo vitatu: urefu wa boksi, upana wake, na kimo unachotaka kutoka sakafuni, yaani sentimita 10 hadi 15. Mwambie unataka bomba jembamba la mraba, mikono miwili ya pembeni yenye boliti za kukaza, na magurudumu yanayojizungusha kama ya kiti cha ofisi ila makubwa zaidi. Ukipata kiti cha ofisi kilichovunjika mgongo, ng'oa magurudumu yake, angalia kama bado yanazunguka, mpe. Kapake rangi, basi.

Faida nyingine ni kwamba kikiharibika unajua pa kukirudisha. Kigari cha dukani kikivunjika gurudumu moja kinatupwa nyuma ya ofisi.

Narudi kwa mtu wa matofali. Matofali yanainua boksi, sikatai, na kama huna kitu kingine yaweke leo hii. Yana kasoro mbili. Tofali la kuchoma linamomonyoka na kutengeneza vumbi lake lenyewe, tena chini ya feni. Na boksi lililo juu ya matofali halivutwi. Kusafisha nyuma yake unahitaji watu wawili, kwa hiyo nyuma hapasafishwi mwaka mzima. Kigari kinamwezesha mtu mmoja kulivuta boksi, kufuta vumbi, kuangalia nyaya kama panya hawajatafuna, na kulirudisha. Mimi naona hiyo ndiyo kazi kubwa ya magurudumu: KUSAFISHIA. Kusafirisha siyo kazi yake.

Nasema hivyo kwa sababu kuna hatari. Ukishaweka magurudumu, watu wanaanza kulisukuma boksi likiwa limewaka, kutoka chumba hiki kwenda kile. Usifanye hivyo. Kompyuta nyingi za ofisi zetu bado zinatumia hadi diski ya sahani zinazozunguka, nyingi mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani bila kuigusa, kwa nafasi isiyoonekana kwa macho. Mtikisiko wa kizingiti cha mlango unaweza kukigonganisha na sahani, na kumbukumbu zikaondoka. Zenye SSD hazina hatari hiyo, lakini nyaya za nyuma bado zinaweza kung'oka. Zima kwanza, ndipo uvute.

Mtu mwingine atasema magurudumu yanarahisisha wizi. Hoja nzuri. Kigari cha chuma unaweza kukifunga kwa mnyororo na kufuli kwenye mguu wa meza, na boksi nyingi zina tundu la kufungia nyuma. Kwenye matofali utafunga nini?

Ombi langu ni moja kwa watendaji, walimu wakuu, viongozi wa vyama vya msingi na wenye stesheneri. Mnapoandika maombi ya kununua kompyuta, andikeni na kigari chake kwenye karatasi hiyohiyo, pamoja na UPS. Msikiache kwa ajili ya "mwaka ujao wa fedha," maana mwaka ujao boksi litakuwa limeshameza debe zima la vumbi. Kwa zile kompyuta ambazo tayari ziko chini, wiki hii pimeni sakafu na boksi, pelekeni vipimo kwa fundi aliye jirani. Majina ya wakulima, alama za wanafunzi, barua za wananchi, vyote viko ndani ya boksi lile.

Mwenye kigari kilichomfaa zaidi ya hiki nilichokieleza, aje na hoja na vipimo. Nawasilisha.