Vijana wa Goma na Bukavu, ombeni kusamehewa malipo

Tangu mwanzo wa mwaka 2025, benki nyingi za Goma na Bukavu zilifunga milango. Kijana anayetaka kufanya masta Marekani anakwama: chuo kikuu kinadai, mara nyingi, dola 50 hadi 100 ili kupokea faili yake, naye hana njia ya kuzituma.

Wengi hungojea majibu mwezi wa 3 na wa 4. Lakini asiyetuma faili hana jibu la kungojea.

Baadhi ya vyuo husamehe malipo hayo kwa anayeandika mapema, akieleza hali yake. Kufanya hivyo si kuombaomba. Na wakuu wa vyuo vyetu wawape vijana barua ya kushuhudia shida hiyo. Akili ya mtoto wetu isizuiliwe na mlango wa benki.