Haibridi ya kubana mafuta, rimu za mbwembwe

Wadau, leo nawachokoza wenye Prius na Aqua, hasa vijana wenzangu wa mjini. Ukimuuliza mtu kwa nini alinunua haibridi anakujibu kwa sauti ya mtaalamu: "Inakula mafuta kidogo, kaka." Sawa. Sasa mbona hata miezi miwili haijaisha gari limeshavalishwa rimu za inchi 17 au 18 na matairi mapana ya mtumba? Baadaye unaanza kulia kwamba gari linakunywa petroli, fundi anakwambia betri kubwa imechoka, na kwa bahati nzuri anamfahamu mtu anayeuza betri.

Hebu tuulizane, haibridi inaokoa mafuta kwa njia gani? Ukikanyaga breki kwenye gari la kawaida, nguvu yote ya mwendo inageuka joto kwenye breki na kupotea hewani. Kwenye Prius mota ya umeme inageuka kuwa dainamo, sehemu ya nguvu ile inarudi kwenye betri, na taa zikiwaka kijani inakusukuma. Ndiyo maana haibridi inatamba zaidi kwenye foleni ya Mwenge kuliko kwenye safari ndefu ya Dodoma. Lakini liko joto moja ambalo betri haiwezi kulirudisha, nalo ni joto la tairi. Kila tairi likizunguka, pale linapogusa lami linabonyea na kurudi, linabonyea na kurudi, na kila mara mpira unameza nguvu kidogo na kuigeuza joto. Lishike tairi baada ya safari uone. Ile ni petroli yako.

Sitaki kutia chumvi. Ripoti ya bodi ya utafiti wa usafirishaji ya Marekani ya mwaka 2006 ilisema ukipunguza ukinzani wa tairi kwa asilimia 10, matumizi ya mafuta yanapungua kwa asilimia 1 hadi 2 hivi. Ni kidogo. Lakini wewe si ndiye uliyetuambia umenunua gari kwa ajili ya vidogo vidogo hivyo?

Na rimu kubwa? Tazama Prius ya kizazi cha tano inayouzwa Marekani, ya mwaka 2023, ile isiyo na mwendo wa magurudumu manne. Matoleo yote yana injini ya lita 2.0. Lile la chini lenye rimu za inchi 17 lilipimwa na serikali yao likapata maili 57 kwa galoni. Yale ya juu yenye rimu za inchi 19 yalipata 52. Kwa lugha yetu ni kilomita 24.2 kwa lita dhidi ya 22.1. Najua toleo la juu lina vikorokoro vinavyoongeza uzito, ila sioni viti na redio vikinywa kilomita mbili katika kila lita. Na hapo tairi ni jembamba, milimita 195, lililochaguliwa na wahandisi wa kiwanda. Wewe unachukua 225 lililochaguliwa na muuza rimu.

Sasa njoo Dar. Prius ya kizazi cha tatu, ile iliyotoka mwaka 2009 na ambayo ipo mitaani kwetu, ilikuja na tairi 195/65R15, na matoleo mengine 215/45R17. Namba ya pili ni asilimia ya upana, kwa hiyo piga hesabu: ubavu wa tairi la kwanza una milimita 127, wa pili 97. Umetoa sentimita tatu za mpira na upepo, ukaweka sentimita tatu za chuma. Huko Japani hakuna neno. Kwenye mashimo na matuta ya mitaa yetu, sentimita tatu ndizo zilikuwa zinaikinga rimu isipinde.

Kuna na la boliti. Prius hiyo ina boliti tano kwenye duara la milimita 100. Rimu nyingi nzuri nzuri zinazotamaniwa, za akina Mark X na Crown, ni milimita 114.3. Haziingii. Ukiona fundi anatoa kipande cha chuma cha kuunganishia au anataka kutoboa matundu mapya, chukua funguo zako uondoke. Za Subaru Impreza nyingi ni 100 kweli, lakini tundu la katikati ni pana zaidi, 56.1 kwa 54.1, zinahitaji pete ya kuziba hiyo nafasi la sivyo usukani utatetemeka. Ni wauzaji wangapi wanakwambia hilo?

Lakini kinachonikera hasa ni matairi ya mtumba. Habari za ajali mnazisoma: gari dogo, mkoa fulani, "chanzo ni kupasuka kwa tairi la mbele". Nukta. Kana kwamba tairi limepigwa na radi. Hatuambiwi lilikuwa la mwaka gani, wakati mwaka umeandikwa ubavuni. Tafuta maandishi ya DOT, soma tarakimu nne za mwisho: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo, na jua la Dar halisaidii. Kashata zinaweza kuwa nzima na tairi limekufa. Watengenezaji wengi wa magari wanasema libadilishwe likifika miaka sita, na kumi ndiyo mwisho kabisa. Mnamkumbuka Paul Walker wa zile sinema za magari? Alikufa mwaka 2013 akiwa abiria kwenye Porsche. Wachunguzi walisema chanzo ni mwendo kasi, ila walitaja pia kwamba matairi yalikuwa na zaidi ya miaka tisa. Porsche hiyo! Wewe unapakia familia kwenda Moshi Krismasi juu ya matairi yaliyotupwa na Mjapani.

Najua jibu: hela. Basi acha rimu. Hela hiyo inunue matairi manne mapya ya saizi ileile iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva, yenye uwezo wa uzito uleule, 91 kwa 195/65R15. Lebo za Japani zinapanga ukinzani kutoka AAA kushuka hadi C, na mshiko kwenye maji kutoka a hadi d. Soma zote mbili, kwa sababu tairi la kubana mafuta linaloteleza mvua za masika halina maana. Upepo nao ujazwe kwa namba za mlangoni, si kwa kubonyeza na kidole. Na zile kofia za plastiki mnazozing'oa mkidai zinaaibisha, kiwanda kiliziweka zipunguze upepo unaokwaruza magurudumu. Zirudishe.

Nilikuwa nasahau tairi la akiba. Kama gari lako lilikuja na kile kitairi chembamba, kitoe leo usome tarakimu zake nne. Gari la mwaka 2010 mara nyingi limebeba kitairi cha mwaka 2010, na hicho ndicho unachotegemea usiku pale Chalinze.