«Onyesha vigawanyo basi!»



Majuma haya kalasini mwetu kuna mabishano mengi juu ya namba tasa, zile mwalimu anaita nombres premiers. Mwenzetu mmoja alisema mtu anaweza kujua namba fulani si tasa bila kujua namba zinazoigawa. Wakamcheka: «Onyesha vigawanyo basi!» Akanyamaza. Sisi tunasema walimcheka bure.

Mtawa wa Ufaransa, jina Mersenne, aliandika katika mwaka 1644 kwamba 2⁶⁷ – 1 ni tasa. Namba yenyewe ni hii: 147 573 952 589 676 412 927. Nani angejaribu kuigawa yote kwa kalamu? Mersenne alikuwa mtu wa kuheshimiwa, basi neno lake likakaa zaidi ya miaka 200.

Katika 1876 Édouard Lucas, Mfaransa vilevile, akasema hapana, si tasa. Vigawanyo hakuvionyesha hata kimoja! Alikuwa na njia ingine, ambayo Lehmer aliirahisisha nyuma. Tuione kwa 31, ndiyo 2⁵ – 1. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: ni 14. Fanya tena: 194, gawa kwa 31, inabaki 8. Tena: 62, na hii 31 inaigawa sawasawa, inabaki 0. Hatua ni 3, maana 5 toa 2. Kwa namba za ukoo huu, mwishoni ikibaki 0, ni tasa. Ikibaki kitu kingine, si tasa, kwisha. Kwa ile ya Mersenne ni hatua 65 tu. Hata ile kubwa sana iliyotangazwa Oktoba 2024, 2¹³⁶ ²⁷⁹ ⁸⁴¹ – 1, yenye tarakimu 41 024 320, mashine ziliihakikisha kwa njia hii hii.

Vigawanyo vilikuja 1903 tu, kwa mkono wa Mmarekani Cole: 193 707 721 mara 761 838 257 287. Wanasimulia kwamba alivitafuta Jumapili za miaka mitatu (mchungaji wetu asisikie).

Kama kalasi iko na wanafunzi 40 na viti 39, si tunajua mmoja atasimama? Jina lake hatulijui bado, lakini atasimama.

Basi tunaomba waalimu wa hesabu: kwa interogasio, anayeandika njia yake yote na kuteleza katika kuzidisha kwa mwisho, asipate 0 kama yule hakuandika kitu. Na jibu tupu bila njia lisipate pointi zote. Kila mtu anajua namna gani majibu matupu yanatembea toka banki moja mpaka ingine.

Wenye kucheka tunawapa 2 047, ndiyo 2¹¹ – 1. Wafanye hatua 9, watuambie kinachobaki. Vigawanyo wasituletee kwanza.