Fungua gari kwanza, bwana!

Wiki hii tuko Marekani, kwa wale jamaa wanaosafiri na nyumba nzima: kitanda, jiko na choo, vyote ndani ya gari moja kubwa kama basi. Na kwa kuwa nyumba huwezi kuipeleka dukani kununua maziwa, nyuma wanakokota gari ndogo. Maisha hayo, au siyo?

Safari moja nilipanda dude hilo na binamu yangu na mkewe, huko Texas. Tukafika kambini saa nne usiku, hoi. Uwanja unateremkia nyuma. Ukilala hivyo hivyo, damu yote inakimbilia kichwani. Na friji la gesi nalo linakufa, maana maji ya dawa yake yanateremka yenyewe kwenye mabomba. Gari ikiinama, yanakwama. Kwa hiyo lazima jeki zishuke, nyumba ikae sawa.

Shemeji akasema, "Baba Junior, tufungue gari kwanza." Jamaa akaja juu: "Ya nini? Si alfajiri tunaondoka!" Akabonyeza kitufe.

Mkia ukapanda. Kumbe hendibreki ya dude lile inashika magurudumu ya nyuma tu! Yalipoacha ardhi, hakuna kilichoshika tena. Nyumba ikarudi nyuma, jeki zikapinda, chuma cha kukokotea kikajikunja. Na shemeji alikuwa kasimama pale pale katikati, tochi mkononi. Aliruka pembeni kama swala. Angechelewa kidogo, leo ningekuwa naandika tanzia.

Sasa shika hii. Mteremko ukiwa mdogo, panda kwenye vipande vya mbao, basi. Ukihitaji jeki, fungua gari mapema, mahali palipo sawa na pamenyooka, maana chuma kikikaza, pini hazitoki. Kabla ya kuchomoa pini, vuta hendibreki ya gari ndogo. Kisha weka kabari kwenye magurudumu ya nyumba, na usiyanyanyue ya nyuma yakaning'inia hewani. Na rivasi usithubutu ukiwa umekokota: magurudumu ya ile ndogo yanajikunja yenyewe.

Kazi yote hiyo ni dakika chache tu. Binamu alizionea uvivu, akalipia chuma na jeki mpya.

Usiku ule alilala wapi? Kwenye gari ndogo, peke yake. Tukutane wiki ijayo!